Ramani 12 za blanketi la viraka: nilizofundishia na niliyoirudisha kwenye bahasha

Pakiti hii niliinunua mwezi wa Juni kwa shilingi 15,000 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Unalipa kwa simu, faili linaingia kwenye simu, kuchapisha ni juu yako. Ndani mna ramani 12 za blanketi la viraka, yaani michoro ya kufuata unapokata na kuunganisha vipande, na kila moja imeandikwa juu kwamba ni rahisi, ya wanaoanza. Niliitaka kwa sababu wanawake watano walikuwa wameniomba niwafundishe, nami nilikuwa nimechoka kuwachorea kwa chaki sakafuni.

Barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, nina cherehani mbili za miguu, pasi ya mkaa, meza ya kukatia na gunia la mabaki ya vitenge ambayo mafundi wenzangu wa sokoni hunitunzia. Ramani hizi nimezijaribu kwa vifaa hivyo. Mwenye vifaa vingine anaweza kuona mambo tofauti kidogo.

Wanafunzi walikuwa mama mmoja anayeuza mgebuka na dagaa Kibirizi, mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne, jirani yangu mwenye mtoto wa miezi mitano, na bibi wa Ujiji anayekaribia miaka sabini. Mabinti walikuwa wamewahi kukanyaga cherehani. Bibi alikuwa ameshona kwa mkono maisha yake yote. Wale wengine wawili walikuwa hawajawahi kushona chochote zaidi ya kifungo.

Nianze na ninachokiangalia. Watu wengi wakisikia ramani rahisi wanafikiria vipande vichache. Mimi najiuliza: mwanafunzi akikosea milimita mbili, ramani hii itamfanya nini? Mshono wa viraka unaachiwa robo inchi tu. Sisi wa nguo tumezoea nusu inchi na zaidi, tena tunabakiza kitambaa cha kuachia mteja akinenepa. Kwenye viraka akiba hiyo haipo. Mshono ukila milimita mbili zaidi, unakula kwenye vipande vyote viwili, kwa hiyo zimeshapotea nne. Kigae chenye mishono miwili kinapungua milimita nane. (Kigae ndilo jina tulilolipa ule mraba mmoja wa blanketi, maana vinapangwa kama vigae vya sakafu.) Ukipanga vigae sita kwenye mstari umepoteza karibu sentimita tano, na mstari wa pili, ulioshonwa na mkono mwingine, uko sawasawa. Ukiunganisha hiyo mistari, blanketi linakunjamana katikati na mwanafunzi anakuangalia kana kwamba ni yeye aliyeharibika. Nimeyaona macho hayo mara nyingi. Ndiyo maana nachagua ramani kwa ukali.

Kwa kigezo hicho, ukurasa bora wa pakiti nzima ni wa tatu, ule walioupa jina Rail Fence, yaani uzio wa mapau. Kigae chake ni mistari mitatu ya kitambaa iliyolala sambamba, basi. Unakipanga kimoja kikiwa kimesimama, kinachofuata kikiwa kimelala, hivyo hivyo hadi mwisho. Rangi moja ukiiweka pembeni kwenye kila kigae, inapanda na kushuka blanketi zima kama ngazi. Wanafunzi wangu hawakuliita uzio hata siku moja. Waliita Ngazi, na jina limebaki.

Hesabu yake inapendeza, nami niliwapa wote waandike kwenye daftari. Kitenge kina upana wa kama inchi 45. Unakata mistari yenye upana wa inchi 2 na nusu, kutoka pindo hadi pindo, sita kwa kila rangi, rangi tatu. Jumla mistari 18, ambayo ni inchi 45 za urefu wa kitambaa, yaani yadi moja na robo kwa rangi zote. Unaiunganisha mitatu mitatu. Kila utatu ukishashonwa na kupigwa pasi una upana wa inchi 6 na nusu, kwa hiyo unaukata kila baada ya inchi 6 na nusu na kupata vigae sita. Utatu mara sita ni vigae 36. Vikiungwa sita kwa sita unapata inchi 36 kila upande, blanketi la mtoto mchanga. Mishono ya kutengeneza vigae vyote hivyo ni 12 tu, yote mirefu na iliyonyooka. Kwa mtu anayejifunza kutuliza miguu kwenye pedali, hakuna mazoezi yaliyo bora kuliko kushona inchi 45 bila kusimama.

Na angalia inavyosamehe. Mwanafunzi akila mshono, utatu wake unatoka na upana wa inchi 6 na robo badala ya 6 na nusu. Hakuna haja ya kufumua. Unakata vigae vya inchi 6 na robo, vinabaki miraba kamili, na ukipunguza vya wenzake vifanane, maisha yanaendelea. Tena, kwa kuwa kigae kimoja kimesimama na jirani yake amelala, mishono ya ndani haikutani. Kinachotakiwa kukutana ni kona peke yake. Jirani yangu, aliyekuwa akishona huku mtoto amelala mgongoni, alikamilisha vigae vyake 36 siku mbili. Siku ya pili alivipanga mkekani, akakaa kimya, kisha akasema, "Fundi, hizi ngazi nimeshona mimi?" Nikamwambia ni yeye.

Ramani ya kwanza kwenye pakiti, na ndiyo walimu wengi huanzia, ni Nine Patch, Viraka Tisa: miraba midogo tisa, mitatu kwa mitatu, rangi mbili zinapishana. Ni nzuri, lakini kuiweka ya kwanza ni kosa, na kosa hilo nililifanya mwenyewe miaka ya nyuma. Kigae kimoja tu kina mishono minane na sehemu nne ambapo mishono inakutana katikati, na jicho la mtu yeyote linakwenda moja kwa moja kwenye hizo sehemu nne. Mishono ikipishana kidogo, inaonekana hata ukiwa barabarani.

Kinachoniuma kwenye ukurasa huo ni kwamba hawakueleza pasi. Kukutanisha mishono si suala la macho, ni suala la pasi. Mstari wa juu unaulazia mishono yake kulia, wa katikati kushoto, wa chini kulia. Ukiiweka mistari miwili uso kwa uso, mshono mmoja umevimba huku na mwingine kule, vinaingiliana na kugota. Niliwafumbisha macho wote watano, nikawaambia wasukume kwa kidole gumba na cha shahada mpaka wasikie panagota. Bibi wa Ujiji alisikia mara ya kwanza. Mabinti walichukua nusu saa, lakini walipousikia mgoto ule, hawakuhitaji tena kuchomeka pini kila mahali. Jambo kubwa kama hilo halina hata sentensi moja kwenye ramani iliyoandikwa kwamba ni ya wanaoanza. Uliyeinunua, liandike mwenyewe kwa kalamu pembeni.

Viraka Tisa vina faida moja ambayo sisi tunaovaa vitenge tunaihitaji kuliko waliochora ramani hizi. Inaonekana walichora wakiwaza vitambaa vya maua madogo madogo. Kitenge kina samaki mkubwa kama kiganja, feni, ndege, duara lenye miale. Ukikikata vipande vya inchi 2 na nusu, samaki anakuwa jicho huku na pezi kule, na uzuri wote umekwisha. Dawa yake ni kubadilishana: kigae kimoja cha Viraka Tisa cha rangi tulivu, kinachofuata mraba mzima wa inchi 6 na nusu usiokatwa, samaki akiwa katikati. Blanketi la vigae 36 linakuwa na vigae 18 vya kushonwa badala ya 36, kazi imepungua nusu, na kitenge kimebaki na sura yake. Kwa kitambaa tulivu nilitumia marekani, ile nyeupe inayoelekea manjano. Bibi akatukumbusha kwamba kitambaa hicho ni cha zamani sana Ujiji, na kweli, katika karne ya 19 misafara ilikibeba kutoka pwani hadi ziwani na kukitumia kama fedha. Jina lenyewe linatokana na Marekani, kilikofumwa. Mabinti walikuwa wakikiona kama kitambaa cha kushonea mifuko tu. Baada ya hapo walikikata kwa adabu.

Sasa niseme lililonikera, ili lisimkute mwingine. Kurasa za mwisho za pakiti zina vielelezo vya kukata na kuvibandika kwenye boksi, uvitumie kuchorea. Nilivichapisha steshenari moja hapa mjini, nikakata, nikawagawia wanafunzi watatu. Wawili wakatumia futi, kwa kuwa vielelezo havikutosha. Tulipounganisha vigae, vya wale watatu vilikuwa vidogo kwa milimita nne na kitu. Nilimshuku mmoja wa mabinti kwamba alikata ovyo, na bado linanisumbua, kwa sababu hakuwa amekosea lolote. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Kosa lilikuwa kwenye uchapishaji. Faili limetengenezwa kwa karatasi ya Kimarekani, yenye upana wa inchi 8 na nusu. A4 yetu ni nyembamba zaidi, kama inchi 8 na robo. Mashine ikiachwa ijipangie, inaupunguza ukurasa mzima ili uenee, na kila kipimo kinashuka kama asilimia tatu. Pakiti ina mraba mdogo wa inchi moja wa kuhakikishia, na niliupima. Ulionekana sawa! Asilimia tatu ya inchi moja haifiki hata milimita moja, jicho halioni kwenye futi. Kwenye inchi 6 na nusu ndipo inapojitokeza. Kwa hiyo mwambie kijana wa steshenari achapishe kwa asilimia 100, na ukishapewa karatasi pima mstari mrefu kuliko yote, achana na ule mraba. Mimi sasa sichapishi vielelezo kabisa. Nachora kwa rula ya chuma kwenye boksi gumu, nakata kwa wembe. Futi ya kamba nayo ikizeeka inarefuka, basi ilinganishe na rula kabla ya darasa.

Jambo dogo ambalo halimo kwenye pakiti lakini limenisaidia kuliko kurasa nyingi: plasta ya kidonda. Shusha sindano ya cherehani, pima robo inchi kamili kuelekea kulia, bandika plasta hapo juu ya bamba, tabaka mbili, iwe na ukuta kidogo. Mwanafunzi anaegemeza ukingo wa kitambaa kwenye ukuta huo na kuusahau mguu wa cherehani, ambao kwenye mashine zetu hizi za zamani upana wake hautabiriki. Kabla ya plasta nilikuwa nasema "robo inchi, robo inchi" mpaka sauti inakauka.

Nyumba ya Magogo, ile Log Cabin, iko ukurasa wa sita, nami niliifundisha ya tatu. Unaanza na mraba mdogo katikati, kwa desturi mwekundu, kuashiria moto wa jikoni, kisha unazungushia mistari, upande mmoja rangi za mwanga, mwingine za giza, hadi kigae kikue. Kwa mwenye gunia la mabaki hii ni neema, maana hata utepe wa inchi moja na nusu unapata kazi. Ugumu wake ni mwelekeo. Ukianza kuzunguka kulia, uzunguke kulia mpaka mwisho, na wanaoanza hupotea kwenye mzunguko wa pili. Mama wa Kibirizi alipotea mara nne siku moja. Tulikubaliana kuweka pini kwenye mstari wa mwisho ulioshonwa, na kila mara unaofuata unaanzia penye pini. Hakupotea tena, na sasa yeye ndiye anayewaelekeza wenzake.

Pembetatu zimechukua kurasa tatu. Maelezo yao ni mazuri na nawasifu: hawakatishi pembetatu moja moja. Unaweka miraba miwili uso kwa uso, unachora mstari kona hadi kona, unashona robo inchi kila upande wa mstari, kisha unakata katikati na kupata viwili. Hiyo ni njia salama, kwa sababu kitambaa kilichokatwa krosi, yaani mshazari, kinavutika, na pembetatu iliyokatwa ikiwa peke yake inapinda kabla haijafika kwenye cherehani. Nimebadilisha kitu kimoja. Wao wanasema ukate mraba wa inchi 2 na saba ya nane (2⅞) ili upate kigae cha inchi 2 na nusu. Saba ya nane kwa mkasi na chaki, mtu wa mwezi wa kwanza haiwezi. Kata inchi 3, shona, piga pasi, halafu punguza. Kitambaa kinapotea kidogo sana na hakuna anayelia. Hata hivyo pembetatu zisubiri mwezi wa pili.

Vipande vya pembe sita, vinavyoshonwa kwa mkono juu ya karatasi, vimeandikwa kwamba ni rahisi, na nakubali kwa sharti. Si vigumu, ila ni polepole mno kuwa kazi ya kwanza, mtu anakata tamaa kabla hajaona umbo. Lakini kwa asiye na cherehani nyumbani havina mpinzani. Mama wa Kibirizi anavibeba kwenye kopo la maziwa, karatasi zake ni majalada ya daftari za wanawe, anashona akisubiri mitumbwi asubuhi. Ananawa mikono kwa sabuni na ndimu kwanza, harufu ya samaki haishiki kitambaa.

Iliyorudi kwenye bahasha ni Njia ya Mlevi. Kila kigae kina robo duara inayoingia kwenye pango lake, maana yake unashona mbinuko juu ya mbonyeo, pini nyingi, kitambaa kikivutika pande zote. Ni ramani ya kupendeza na mafundi wazoefu wataifurahia. Kuiandika kwamba ni ya wanaoanza si haki kabisa. Binti mmoja aliichagua mwenyewe kwa picha yake, nami kwa kutaka kumpa uhuru nikamwachia. Siku tatu alipata vigae viwili, vyote vimevimba katikati kama andazi. Akaacha kuja wiki nzima. Nilimfuata kwao Gungu, nikamkuta amekaa na dada yake, nikamwambia ramani ndiyo iliyokosea daraja. Alirudi, akaanza Ngazi.

Kumalizia, pakiti inataka pamba maalumu ya kuweka kati ya viraka na bitana, ambayo mimi hapa siipati. Tulitumia blanketi jepesi la mtumba, likafuliwa kwanza, na bitana ya shuka kuukuu. Badala ya kushindilia kwa cherehani, yaani kushona tabaka zote pamoja, tulifunga mafundo ya uzi wa kufumia kila baada ya inchi nne, upana wa kiganja. Na kabla ya chochote, batiki na vitenge vyekundu visuguliwe kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikishika rangi, viloweke na kufuliwa peke yake kwanza, la sivyo marekani yako itageuka waridi siku ya kwanza ya kufuliwa.

Kwa shilingi 15,000 nimepata aina nne za ramani ninazozitumia kila wiki, na nimeridhika. Kuchapisha, chapisha hizo tu: Ngazi, Viraka Tisa, Nyumba ya Magogo na pembetatu, kwa mpangilio huo. Pembe sita huhitaji kuzichapisha, umbo moja la boksi linatosha darasa zima. Muuzaji nimemwandikia kuhusu Njia ya Mlevi na kuhusu karatasi ya A4, nasubiri majibu. Darasa jipya linaanza Jumamosi, wanawake sita, na mistari 18 ya mfano nimeshaikata, bluu, njano na marekani. Bibi wa Ujiji amesema atakuja kuwafundisha ule mgoto.